Yowe Nililopiga Nyamuswa

Mwezi uliopita mota ya mashine ya kusaga iliungua nikiwa kwenye foleni, hapa Musoma mjini. Moto haukuonekana. Ilikuja harufu tu, ile ya vanishi ya koili, zile nyaya za ndani ya mota, iliyopata joto kupita kiasi, tamu kidogo mwanzoni, kisha inakwaruza koo kama pilipili iliyoungua kwenye mafuta. Wenzangu walinung'unika kwamba sasa itabidi wabebe mahindi yao mpaka mashine nyingine. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta, nikatapika chai yote ya asubuhi. Dada aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia hapana, ni harufu. Hakunielewa, na sikuweza kumweleza pale, kwa sababu ningelazimika kuanzia kwa baba yangu, na baba tumemzika Butiama mwaka huu huu.

Baba alikuwa fundi umeme. Tulikaa Kabasa, Bunda, nyumba ya vyumba viwili yenye swichi nzuri kuliko milango yake. Kama nawe ulikulia upande ule, miaka ambayo nguzo zilianza kupita kwenye barabara za vijijini, unakumbuka tulivyokuwa tunaweka sikio kwenye nguzo tusikie umeme ukinguruma ndani ya mti. Mimi nilifanya mara moja tu. Baba alinikuta, akanizaba kofi kwenye sikio lile lile, nalo likalia siku mbili. Siku nyingine nilichomeka pasi mikono ikiwa na maji. Alinichapa na kipande cha waya mweusi mpaka mama akamvuta shati likachanika. Kwa makosa mengine hakunigusa. Nilivunja sahani, nilipoteza sweta la shule, nilimwangusha mtoto wa jirani. Alicheka au alinyamaza. Ilipokuja habari ya umeme, mkono wake ulitangulia mdomo. Kwa akili yangu ya miaka tisa niliamua kwamba ndani ya baba kuna hasira ya kuua mtu, imelala, na umeme ndio unaoiamsha.

Maneno ya kazi yake yalinisaidia kuamini hivyo. Alipokuwa kazini na mdogo wake, baba mdogo Makuru, nilikuwa nawasikia wakiulizana. "Umeua?" "Nimeua." "Hakikisha imekufa." "Imekufa, kaka." Walikuwa wanazungumza juu ya kuzima laini ya umeme. Mimi nilikuwa nasikia nilichosikia.

Likizo moja ya mwaka huo mama alikwenda Kibara kumuuguza bibi, na hakukuwa na mtu wa kuniachia. Baba akanipakia kwenye bodaboda, mimi katikati, sanduku la vifaa likinichoma mgongo, tukaenda Nyamuswa. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara pale, Mama Rhobi, mjane, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyekuwa amejenga jengo la mashine ya kusaga. Alitaka mota kubwa ya umeme wa njia tatu badala ya ile ya dizeli iliyokuwa inamfukizia wateja moshi. Baba alichukua kazi hiyo na kumwita Makuru kutoka Butiama aje wafanye pamoja.

Makuru alikuwa na miaka thelathini hivi, ana mke na mtoto mchanga. Ufundi aliuokota kwa macho, huku na huku Musoma, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya baba. Alikuwa anamenya waya kwa meno. Alinitengenezea bangili ya nyaya za rangi, nyekundu, njano na bluu, akaniambia hizo ndizo njia tatu zenyewe, na kwamba mtoto anayezivaa hawezi kupigwa na baba yake. Nilimpenda sana.

Baba yeye alikuwa na utaratibu wa kuchosha. Kabla ya kugusa chochote alizima swichi kuu, akachomoa fyuzi zote tatu, zile za kauri nyeupe, akazitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kisha alichukua testa yake, ile bisibisi ndogo yenye kitaa kinachowaka kikigusa umeme, akaenda kuijaribu kwanza mahali anapojua kuna umeme, ajue testa yenyewe ni nzima. Ndipo alipopima nyekundu, halafu njano, halafu bluu. Akimaliza anarudi tena nyekundu. Makuru alikuwa anasimama pembeni akipiga miluzi. "Kaka, tutazeeka hapa," alisema.

"Bora tuzeeke," baba akamjibu.

Siku ya tatu, asubuhi, ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walipita mbele ya jengo tangu alfajiri, na wanawake walikuwa wameshapanga madebe yao mlangoni kwa sababu Mama Rhobi aliwatangazia kwamba mashine itaanza siku hiyo. Baba aliingia ndani akamkuta Makuru ameshaanza kukaza nyaya kwenye starta, lile boksi la chuma ukutani lenye kitufe cha kijani cha kuwashia mota na chekundu cha kuizimia. Swichi kuu ilikuwa imezimwa, lakini fyuzi zilikuwa bado mahali pake. Alimgeuza kwa bega akampiga kofi, lingine kwa mgongo wa mkono, na Makuru akagonga ukuta. Damu ikamtoka puani ikadondokea shati.

"Nilikuambiaga nini? Mtu akiingia hapa akawasha, utasemaje? Utasema nini ukiwa mkaa?"

"Kaka, watu wanaona."

"Waone! Ukirudia nitakuua mimi mwenyewe kabla umeme haujakuua!"

Wanawake kwenye foleni walichungulia mlangoni. Mama Rhobi aliingia katikati yao. "Fundi, huyu ni baba wa mtoto. Humpigi hivyo mbele za watu." Baba alichomoa fyuzi akazitia mfukoni, akamwambia Makuru aendelee, akatoka nje kumalizia shimo la fimbo ya shaba inayopeleka waya ya usalama ardhini. Makuru alijifuta pua kwa kiganja. Alinikonyeza, lakini macho yalikuwa na maji. Katika sentensi yote ile ya baba, mimi nilibaki na neno moja. Nitakuua.

Kufika saa sita kazi ilikuwa imekwisha. Baba alipima kila kitu kwa testa yake, akarudisha fyuzi, akawasha swichi kuu, akabonyeza kijani. Mota ilinguruma na sakafu ikatetemeka chini ya miguu yangu. Wanawake wakapiga vigelegele. Baba aliinua mkono wanyamaze, akainama akaangalia mkanda. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Akabonyeza kitufe chekundu, ikasimama.

"Sio kitu," alimwambia Mama Rhobi. "Tunabadilisha waya mbili kati ya tatu, itageuka. Ngoja nikafunge ile waya ya ardhini vizuri, nirudi nizime swichi kuu." Akatoka na nyundo.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, kwenye mstari wa chaki ambao baba alinichorea nisiuvuke. Nilimwona Makuru akitazama mlango, kisha akitazama starta. Mota ilikuwa kimya. Leo najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu alinieleza mwenyewe baadaye: mashine imezima, kwa hiyo umeme umezima, nibadilishe hizi waya mbili, kaka akirudi akute kazi imekwisha, aone kwamba mimi si mjinga. Lakini kitufe chekundu kinazima mota tu. Nyaya tatu zinazoingia juu ya starta zilikuwa bado na umeme wote unaotoka kwenye nguzo. Alifungua boksi, akashika ukingo wa chuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaingiza bisibisi, kidole chake kikiwa kimeteleza hadi kwenye chuma cha bisibisi hiyo.

Hakupiga kelele. Hicho ndicho kitu ambacho watu hawaamini nikiwasimulia. Alisimama tu, amenipa mgongo, kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Bega lake lilikuwa linacheza kidogo. Nikadhani analia kwa sababu ya yale makofi.

Baba alitokea nyuma yangu. Alinisukuma nikaangukia madebe. Pale ndani, kando ya magunia, kulikuwa na mti mkavu wa kubebea mzani, mnene kama mkono wa mtu mzima. Aliunyakua kwa mikono miwili, akauinua juu ya bega, na bila neno hata moja akampiga mdogo wake aliyempa mgongo. Pigo la kwanza lilitua kwenye mkono, karibu na kiwiko, na nikasikia mfupa. Makuru hakuanguka. La pili likatua kwenye bega. La tatu lilimpata mahali pa kwanza tena, mkono ukapinda mahali ambapo mkono haupindi, naye akaruka kutoka ukutani akagonga kichwa kwenye bati la mashine na kulala chini, macho wazi. Harufu ile ikanifikia wakati huo, ya nyama na ya vanishi kwa pamoja.

Swichi kuu ilikuwa nyuma ya mahali Makuru alipokuwa ameganda. Kuifikia kungehitaji kumgusa, na mti mkavu haupitishi umeme. Hayo sikuyajua. Niliona tu baba anamruka, anavuta kitu ukutani, anachomoa vitu vyeupe na kuvitia mfukoni. Kisha akampanda mdogo wake kifuani. Akaanza kumgandamiza kwa mikono miwili, kwa uzito wake wote, na kitu kikalia ndani ya kifua kile kama kuni inayovunjwa. Akainama akamng'ata mdomo. Kwangu ilikuwa hivyo, alimng'ata, akainuka na damu ya ile pua kwenye midevu yake, akaanza tena kugandamiza.

Nilikimbia nje nikapiga yowe.

"Baba anamuua baba mdogo! Baba anamuua baba mdogo!"

Nilipiga kama tulivyokuwa tunasikia watu wazima wakipiga, kwa sauti inayopanda mwishoni, na ilikuwa siku ya mnada. Walikuja wanaume na fimbo zao za ng'ombe, walikuja vijana wa bodaboda wakiacha pikipiki zimelala barabarani. Wale wanawake wa foleni waliokuwa wameona makofi ya asubuhi wakawa wanapiga kelele nyuma yao, "Alisema atamuua! Alisema tangu asubuhi!" Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Walimkuta baba juu ya maiti, au kitu kilichoonekana kuwa maiti, damu mdomoni, mti umelala kando.

Walimvuta kwa miguu. Aling'ang'ania shati la Makuru mpaka likatoka vifungo vyote. "Niacheni! Hapumui! Niacheni nimpe pumzi!" Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni, ya pili kichwani, kisha sikuweza tena kuzihesabu. Walimtoa nje kwenye vumbi. Kijana mmoja alimpiga tofali ubavuni. Mtu fulani alikuwa anauliza petroli iko wapi, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia chumvi dukani.

Mfuko wa shati lake ulichanika na fyuzi zikatawanyika chini. Moja ilibingirika mpaka kwenye mguu wangu. Nilikuwa nimeziona siku tatu mfululizo zikiingia mfukoni mle kabla ya kazi hatari, na sikuwahi kuziona zikiingia kwa sababu nyingine. Nikageuka nikamtazama Makuru pale ndani. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefunguka, na katikati kulikuwa na shimo jeusi lenye umbo la bisibisi.

Nadhani nilielewa. Nilirudi kwenye ule umati nikipiga kelele, "Ni umeme! Sio baba, ni umeme!" Sauti ile ile iliyowaita sasa haikufika kwa mtu. Nilimng'ata mkono mwanaume mmoja mpaka nikahisi chumvi ya damu yake. Alinitupa pembeni bila hata kunitazama.

Aliyesikia ni Mama Rhobi. Sijui kama alinisikia mimi au aliona kile kiganja. Alikuwa amepiga magoti kando ya Makuru, akiinua mkono wake, akiunusa. Akainua kichwa na ile sauti yake ya kuita ng'ombe ikapita juu ya kila mtu. "Fundi! Nifanye nini?"

Na baba, chini ya miguu ya watu, amejikunja, akamjibu. Hilo nitalikumbuka mpaka nife mimi. Hakuomba wamwache. "Bonyeza kifua!" alisema. "Katikati! Mikono miwili! Nguvu!" Fimbo ikamkata maneno, akayaokota tena. "Haraka haraka! Usiogope mbavu! Sasa ziba pua! Mpulizie mdomoni! Tena!"

Mwanamke yule mpana alimpanda Makuru kifuani kama baba alivyompanda, akagandamiza kama baba alivyogandamiza, akainama akamwekea mdomo. Watu waliokuwa karibu na mlango waliona. Mmoja akashusha fimbo. Mwingine akauliza, "Kwani anafanya nini?" Nyuma bado walikuwa wanapiga. Fimbo iliyotoa jicho la baba ilikuja wakati huo, wakati nusu ya watu wamekwisha kunyamaza.

Makuru alikohoa. Ilikuwa sauti mbaya, ya mtu anayetapika mchanga, na ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Ukimya ulishuka kwenye uwanja ule mpaka nikasikia ng'ombe mnadani. Kitu cha kwanza Makuru alichosema, baada ya kutema na kutetemeka sana, ni, "Kaka yuko wapi?"



Waliwabeba wote wawili kwenye gari moja mpaka hospitali Bunda, na baba akapelekwa Musoma kwa ajili ya jicho, kisha akarudishwa Bunda. Halikuokolewa. Makuru alikatwa vidole viwili vya mkono wa kulia, na ule mkono ulipopona ulibaki umepinda. Mama alitoka Kibara akakaa sakafuni kati ya vitanda. Mimi nilikuwa nimeacha kula. Kila aliyekuja kuona wagonjwa alirudia maneno yale yale: kuna mtoto alipiga yowe. Mtoto gani? Hakuna aliyejua. Watoto walikuwa wengi siku ya mnada.

Askari mmoja alikuja na karatasi zake kumhoji baba. Nilikuwa nimekaa miguuni pa kitanda, nimeshika chupa ya chai. "Nani aliyeanza kupiga yowe?" aliuliza.

Baba alikuwa amefungwa bandeji nusu ya uso. "Sikumwona," akasema. "Ni kelele za watu tu."

Nikapumua. Basi hajui, nikasema moyoni, na nikaamua hatajua kamwe.

Miezi michache baadaye tulirudi Nyamuswa kumaliza ile kazi. Mama Rhobi hakumtaka fundi mwingine. Baba, kwa jicho moja, hakuweza tena kupata kichwa cha skrubu. Bisibisi ilikuwa inapita pembeni. Alikaa kwenye kigoda na Makuru akasimama mbele ya lile boksi.

"Swichi kuu?"

"Nimezima."

"Fyuzi?"

"Umezishika wewe, kaka."

"Testa umeijaribu?"

"Nimeijaribu kule kwenye taa, inawaka."

"Pima."

"Nyekundu, hamna. Njano, hamna. Bluu, hamna."

"Rudia."

Makuru alirudia. Hakupiga mluzi hata mmoja. Alibadilisha zile waya mbili kwa vidole vitatu, akakaza, akafunga boksi. Baba alimpa fyuzi moja moja. Kitufe cha kijani kilipobonyezwa mota ikazunguka upande wake, na unga wa kwanza ukashuka. Wanaume waliokuwa wameshika fimbo siku ile walikuwepo na madebe yao, wakisubiri zamu. Mmoja wao, mwenye alama ya meno yangu mkononi, alimletea baba mbuzi nyumbani Kabasa wiki ile. Baba alimrudishia mbuzi wake. Kisha akamwambia akae wanywe chai, na walikunywa.

Baba hakunipiga tena. Hakumpiga mtu yeyote tena. Wakati mwingine mkono wake ulikuwa unainuka wenyewe, akautazama kwa lile jicho lake moja, akaushusha. Mimi niliendelea kumwogopa kwa namna mpya. Nilikuwa namletea maji ya kunawa na kutazama upande ule ulio na shimo, kwa sababu upande ule haukunitazama.

Niliibeba siri ile mpaka nikazaa watoto wangu. Mwaka huu alipolala kitandani Butiama, ini limekwisha, Makuru ndiye aliyekuwa anamgeuza mchana kwa mkono wake uliopinda, na mimi nilichukua zamu za asubuhi. Siku moja tulikuwa wawili tu. Nilikuwa namlisha uji. Nikaweka kikombe chini nikasema kwa haraka, kabla woga haujanirudisha, "Baba, siku ile Nyamuswa, aliyepiga yowe ni mimi."

Aliniitaga mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Mama," akasema, "siku ile nilikuwa bado na macho yote mawili. Nilikuona."

Alisubiri nimalize kulia. Kisha akaniomba nimgeuze upande wa pili, ubavu unamuuma.